Samaki Hafi kwa Giza

Hotuba hii niliitoa mbele ya wafugaji wenzangu wa samaki wa mapambo, jijini Dar es Salaam. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, nimepunguza vicheko tu.

Mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Nimepewa nusu saa, na bwana mmoja pale nyuma ameshaanza kuitazama saa yake, kwa hiyo salamu ziishie hapo.

Naomba mikono. Nani hapa amewahi kupoteza samaki kwa sababu umeme ulikatika? Karibu ukumbi mzima. Haya, msishushe kwanza. Nani anajua wake walikufa saa ngapi: umeme ukiwa bado haupo, au ukiwa umesharudi? Naona mikono inashuka mmoja mmoja. Hata mimi nilikuwa sijui, mpaka usiku mmoja nilipolipa ada.

Ilikuwa 2011, mwaka wa mgao. Waliokuwepo wanakumbuka. Tulikuwa tunapiga pasi kwa ratiba, tunachaji simu kwa jirani mwenye jenereta. Nilikuwa nimepanga Tabata, na sebuleni nina tangi la sentimita 120 kwa 40, kimo 50, lita 240 likijaa pomoni. Ndani yake Tropheus 22 kutoka Kigoma. Huyu ni samaki wa ufukwe wa mawe, amezaliwa pale wimbi la Tanganyika linapopiga jiwe kutwa kucha, maji yamejaa hewa. Kumtoa kule ukamweka Tabata kwenye maji ya nyuzi 29 ni sawa na kumchukua mtu wa Lushoto ukampangishia chumba kisicho na dirisha Manzese.

Umeme ulikata saa moja jioni. Sikushtuka, ndiyo ilikuwa zamu yetu. Kwenye saa tatu mke wangu alikuwa anapita na kibatari, akasimama. "Baba Rehema, hebu njoo. Samaki wako wote wako juu kama wanasoma maulidi."

Nikamulika tochi. Walikuwa wamejipanga juu kabisa, midomo inagusa uso wa maji, inafunguka na kufumba, mashavu yanakwenda mbio. Kilichonitisha zaidi lilikuwa lile dume kubwa. Siku zote halimruhusu mwenzake kukatiza mbele ya jiwe lake. Usiku ule lilikuwa limebanana ubavu kwa ubavu na wale wale linaowafukuza, wala halina habari nao.

Nikachukua jagi. Unachota, unanyanyua kiasi cha mkono mmoja juu ya maji, unamwaga yaanguke kwa kishindo. Tena. Tena. Tukapokezana mimi na mama Rehema, na Rehema mwenyewe, wakati huo yuko darasa la nne, akachukua zamu yake mpaka akasinzia kwenye kochi jagi likiwa mkononi. Sakafu ikawa kama tumefua nguo sebuleni. Lakini ilipofika saa tisa usiku samaki wote 22 walikuwa wazima.

Saa hiyo hiyo umeme ukarudi. Mnaijua ile kelele ya mtaa mzima, hata watoto waliolala wanaitikia: "Umerudiii!" Filta yangu, ile ya kopo inayokaa chini ya meza, ikaunguruma, ikakohoa, ikatema maji ya rangi ya chai ya rangi. Nikasikia harufu kama ya yai viza. Nikajisemea ni uchafu wa siku nyingi umetikisika. Nikazima tochi, nikalala usingizi wa mshindi.

Saa kumi na mbili asubuhi, 19 walikuwa wanaelea ubavu.

Nimehangaika nao usiku kucha kwa jagi, kisha nimewamaliza mwenyewe kwa kutochomoa plagi. Ndiyo maana nimeuliza lile swali la saa ngapi. Wengi wetu tunalaumu kukatika kwa umeme, kumbe samaki wameuawa na kurudi kwake.

Ilikuwaje? Mle kwenye kopo la filta, kwenye masponji na vile vijiwe, wanaishi bakteria wanaogeuza amonia ya taka za samaki iwe kitu kisicho na sumu kali. Ni wafanyakazi wazuri, lakini nao wanapumua. Pampu ikisimama, kopo limefungwa, maji hayatembei, wanakula oksijeni yote iliyomo ndani ya muda mfupi. Ikiisha wanaanza kufa, na nafasi yao inachukuliwa na bakteria wa aina nyingine, wasiohitaji oksijeni, ambao kazi yao inatoa gesi ile yenye harufu ya yai viza. Saa nane nzima, joto la Dar, kopo limejaa uchafu wa samaki 22: nilikuwa napika sumu chini ya meza. Umeme ukarudi, pampu ikaisukuma yote kwa mkupuo mmoja ndani ya tangi.

Kwa hiyo jambo la kwanza umeme ukikata, kabla hata hujatafuta tochi nzuri, chomoa plagi ya filta ya kopo. Umeme ukikaa zaidi ya saa moja au mbili bila kurudi, usiirudishe vivi hivi. Fungua kopo, mwaga maji yaliyomo chooni, suuza masponji kwenye ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi lenyewe, maana ya bomba yana klorini itakayowamaliza na wale bakteria waliobaki. Kisha ndipo uwashe. Mwenye filta ya sponji inayokaa ndani ya tangi na kuendeshwa kwa hewa ana nafuu kubwa, kwa sababu sponji haijafungiwa. Maji yanaizunguka hata pampu ikiwa kimya. Mimi tangu 2011 sina kopo. Nina sponji mbili, hazina sura nzuri, mama Rehema anasema zinafanana na dodoki, na ni kweli.

Sasa turudi kwenye ile maulidi.

Samaki hafi kwa giza. Giza analijua tangu anazaliwa. Hafi kwa njaa pia, siku mbili tatu bila kula si kitu kwa samaki mzima, tena ukimlisha wakati pampu imezimika unamwongezea kazi ya kusaga chakula kwa hewa asiyokuwa nayo. Anachokosa ni oksijeni, na maji ni maskini wa oksijeni hata siku njema. Lita moja ya hewa tunayovuta humu ukumbini ina oksijeni karibu miligramu 270. Lita moja ya maji ya nyuzi 20, yaliyoshiba kabisa, ina miligramu 9. Maji ya nyuzi 30, na hayo ndiyo maji yetu ya Januari na Februari, yana 7 na nusu. Joto linapunguza hewa kwenye maji, na wakati huo huo linamfanya samaki aihitaji zaidi. Sisi watu wa pwani tumebanwa pande zote mbili.

Hewa inaingia kwenye maji kwa kupitia uso wake. Watu wanadhani ni mapovu yanayoingiza hewa. Mapovu yanaingiza kidogo tu, kazi yao kubwa ni kuyapandisha maji ya chini yaje juu yakutane na hewa. Mzee wangu pale mbele, naona unatabasamu, na wewe ni mtu wa Tanga. Chai ikiwa ya moto unafanya nini? Unaimimina kwenye kisosi. Chai ni ile ile, haijapungua hata tone, lakini kwenye kisosi imejitandaza, uso umekuwa mpana, inapoa upesi. Tangi nalo ni hivyo hivyo. Lita 240 kwenye tangi langu zina uso wa sentimita za mraba 4,800. Lita hizo hizo kwenye lile tangi jembamba refu la kuwekwa kona ya hoteli, 60 kwa 40 na kimo cha mita moja, uso wake ni 2,400. Nusu. Samaki wale wale, maji yale yale, dirisha nusu. Ukiingia dukani usitazame tangi ni la lita ngapi peke yake, lipime mdomo.

Hapa nitasema jambo ambalo wauzaji hawatanipenda. Tunanunua betri ili tufuge samaki wengi kuliko uwezo wa maji yetu. Tangi ambalo samaki wanapanda juu baada ya saa mbili bila pampu, lina samaki wengi mno. Pampu ilikuwa inawaficha.

Chukueni mfano wa Unguja. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa karibu mwezi mzima bila umeme wa kutoka bara. Kisha Desemba 2009 njia ile inayopita chini ya bahari ikapata hitilafu tena, na watu wakakaa mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Hakuna betri ya miezi mitatu. Nina rafiki yangu Mwanakwerekwe aliyekuwa na tangi la kioo la fahari, taa za rangi, na jenereta ndogo. Wiki ya kwanza akalisha jenereta petroli. Wiki ya pili foleni ya mafuta na bei vikamshinda, samaki wa kioo wakaisha. Nyuma ya nyumba alikuwa na karo la saruji, la zamani la kufulia, chini ya mwarobaini, na ndani yake gapi, wale visamaki vidogo vya mapambo, ambao watoto walikuwa wamewatupa kule kwa sababu hawakupendeza. Karo halina pampu, halijawahi kuwa nayo, lina kina cha magoti na mapana ya kitanda. Machi umeme uliporudi, gapi walikuwa wamezaana. Ni kweli gapi ana mdomo ulioelekea juu, anajua kulamba ile ngozi ya juu ya maji yenye hewa zaidi. Lakini nampa sifa karo.

Na kama unataka samaki asiyejua neno mgao, wapo. Kamongo anapanda juu anavuta hewa kwa pafu kama mimi na wewe. Kambare naye ana kiungo cha kuvutia hewa, na beta na gurami vile vile. Hao waachie tu nafasi kati ya maji na mfuniko.

Haya, betri. Najua mlikuja kwa ajili ya betri.

Pampu ndogo ya hewa inakula wati 2 mpaka 5. Hiki ni kitu kidogo sana, ndiyo bahati yetu. Betri ya pikipiki ya volti 12, ampea-saa 7, ina wati-saa 84. Betri za asidi usizikaushe chini ya nusu, zinakufa mapema, kwa hiyo hesabu 42. Ukifunga pampu ya wati 3 inayotumia volti 12 moja kwa moja, unapata saa 14. Lakini ukiweka inveta katikati ili utumie pampu yako ya ukutani, inveta yenyewe inaweza kula kuliko pampu, na zile saa 14 zinakuwa 4. Hili linawapata wengi: amenunua betri kubwa, amenunua inveta ya kuendesha televisheni, anashangaa alfajiri kimya. Tafuta pampu ya volti 12, au ile ya waya wa USB.

Ya USB unaichomeka kwenye pawabanki. Nzuri, lakini ina mtego. Pawabanki nyingi zikiona kinachovutwa ni kidogo sana zinadhani simu imejaa, zinajizima. Usiku wa kwanza nilichomeka, nikasikia mapovu, nikaenda kulala kwa amani. Nikaamka kwenda msalani, kimya. Chaji imejaa, pampu imelala. Dawa niliyoipata ni kuchomeka na taa ndogo ya USB kwenye tundu la pili, pawabanki inaona kuna kazi, haisinzii. Tena unapata mwanga wa kuwatazamia.

Ila betri ya kuwashwa kwa mkono ina kasoro moja: mkono wenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka, gridi ya taifa ilipopata hitilafu, nani hapa alikuwa macho? Wenzetu wa Nairobi tarehe 25 Agosti 2023 nchi yao karibu nzima ilizimika usiku wa Ijumaa, wengine wako matembezini. Na tusiisingizie gridi kila mara. Umeme unaokatika zaidi nyumbani kwangu ni ule wa LUKU, yuniti zimeisha saa nane usiku na mita inalia peke yake koridoni. Nikiwa nimesafiri mimi, hakuna wa kushika jagi.

Kwa hiyo nilikwenda kwa fundi redio wa mtaani kwetu nikamweleza. Akacheka, akasema hiyo ni rilei tu, mzee, yaani swichi inayojigeuza yenyewe umeme ukija au ukikata. Akachukua adapta kuukuu ya volti 12, akaifunga kwenye koili ya rilei, rilei akaiweka kati ya betri na pampu. Umeme ukiwepo ukutani, adapta inaishikilia rilei imefunguka, betri imepumzika. Umeme ukikata, rilei inaachia, "tak!", betri inaikuta pampu. Akaongeza fyuzi. Kazi ya nusu saa, na aliomba aletewe soda baridi. Zipo pampu zinazouzwa zikiwa na betri ndani zinazofanya hivyo hivyo zenyewe. Ukiipata, nunua, lakini fundi wako anaweza.

Mambo madogo mawili kuhusu pampu. Iwekwe juu kuliko usawa wa maji, au mpira wake uwe na valvu ya kuzuia maji kurudi. Pampu ikisimama, maji yanashuka kwenye ule mpira mpaka ndani ya pampu, kisha ekstensheni, kisha zulia. Na pampu inavuta hewa ya chumba kile kile ulichomo. Umeme ukikata feni imesimama, mbu wamekuja, unawasha dawa ya mbu ya kuzunguka, unaiweka wapi? Juu ya kabati, pembeni ya pampu. Dawa zile zina viuadudu ambavyo kwa samaki ni sumu kali, na wewe unawapulizia ndani ya maji. Nimeliona hili kwa macho yangu, nyumba ya jamaa yangu Mbezi, betri inafanya kazi safi, jiwe la hewa linachemka mapovu, na samaki wanazunguka kama pia. Alikuwa amefanya kila kitu sawasawa isipokuwa kile kijiti cha dawa. Jenereta nayo nje, mbali na dirisha; hapo nawalinda ninyi kwanza.

Swali la mama wa pale: wa Iringa na Njombe afanye nini, maana kule tatizo ni baridi. Mama, kule maji baridi yanashika hewa zaidi, kwa hiyo muda unao. Lizungushie blanketi pande zote, acha juu pawazi kidogo. Hita ichomoe, maana ukipunguza maji ukasahau, umeme ukirudi itawaka ikiwa kavu na kioo chake kitapasuka. Sisi wa huku chini tufanye kinyume: fungua mfuniko, dirisha wazi. Na wenye mimea msijidanganye kwamba itawapa hewa. Usiku, taa zikizimika, mimea nayo inavuta oksijeni pamoja na samaki.

Nimalizie na kazi ya nyumbani. Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, umeme ukiwepo, chomoa kila kitu cha tangi wewe mwenyewe. Vuta kiti, weka chai yako. Andika saa. Usile kwa jirani, usitoke. Tazama samaki wa kwanza atakayepanda juu na mdomo wazi, uandike saa tena, kisha rudisha plagi. Huo muda ndio betri yako halisi, na ndio utakaokwambia ununue nini au upunguze samaki wangapi.

Mimi nilianza zoezi hilo 2012. Tropheus nilishawaacha, ukiwapunguza wakawa wachache wanauana, na wakiwa wengi siwawezi na umeme huu. Sasa nafuga wale wadogo wa Tanganyika wanaoishi ndani ya makome ya konokono, samaki mzima hafiki urefu wa kidole. Hawa hawapandi juu haraka, kwa hiyo natazama kome: la kwanza kuachwa tupu, mwenyewe akielea katikati ya maji, naandika. Kwenye kona ya kioo nimebandika plasta nyeupe, imeshakuwa ya njano, na ina maandishi ya kalamu tatu tofauti. Mstari wa juu kabisa ni wa wale Tropheus watatu waliobaki na wenzao niliowaongeza: "saa 2, dakika 10." Wa pili: "saa 5 kasoro." Wa chini ni mwandiko wa Rehema, ambaye sasa ni mtu mzima na alikaa kwenye kiti badala yangu siku hiyo. Ameandika: "Mpaka magharibi, hakuna aliyetoka. Naenda kupika."